Dunnottar, Ngome Iliyokabidhiwa Taji

Katika pwani ya mashariki ya Uskoti, maili 15 hivi kusini ya jiji la Aberdeen, pana bandari ndogo iitwayo Stonehaven. Nyuma ya mji huo mashamba ya shayiri na malisho ya ng'ombe yanapanda polepole kuelekea vilimani. Mtu akishika njia ya miguu itokayo bandarini kwenda kusini, akaufuata ukingo wa magenge kwa mwendo wa maili mbili hivi, huona mbele yake jambo la kumsimamisha. Mwamba mkubwa umejitenga na nchi kavu ukaingia baharini, na juu yake zimesimama nyumba nyingi za mawe, kuta zake ndefu, madirisha yake wazi, wala nyingi hazina mapaa. Hiyo ndiyo ngome ya Dunnottar.

Wageni wengi huenda kuitazama kwa ajili ya uzuri wake, na kwa hakika ni nzuri. Mwaka wa 1990 hata watengenezaji wa filamu ya Hamlet walikwenda huko kupiga picha zao. Lakini uzuri si habari yote. Mahali hapa paligombewa na majeshi kwa muda wa miaka elfu moja, na kitu kikubwa kuliko vyote kilichopata kuwekwa humo hakikuokolewa na kuta wala mizinga. Kiliokolewa na watu wachache wasiokuwa na jeshi, na walio wengi kati yao walikuwa wanawake. Habari hiyo yafaa kujulikana na kila mtu aliyewahi kukabidhiwa amana, iwe kubwa au ndogo.

MWAMBA WENYEWE

Jabali la Dunnottar lina eneo la eka tatu na nusu hivi, na kimo chake kutoka majini ni kama futi 160. Pande tatu limezungukwa na Bahari ya Kaskazini. Upande wa nne pana bonde lenye kina, na katika bonde hilo umebaki ukanda mwembamba tu wa nchi unaoliunganisha jabali na bara. Jiwe lake ni la namna ya peke yake. Ni kokoto na mawe ya mviringo yaliyoletwa na mito ya zamani sana, yakagandamana ndani ya mchanga mwekundu hata yakawa kitu kimoja kigumu. Alitazamaye genge hilo kwa karibu hudhani kwamba ni zege iliyomwagwa na mafundi. Katika nyufa zake shakwe na ndege wengine wa baharini hujenga viota, na kelele zao husikika kabla mtu hajafika.

Upepo wa bahari hiyo ni mkali, na mara nyingine ukungu mzito hupanda ghafula kutoka majini hata ngome yote isionekane. Mwezi wa Juni mchana ni mrefu mno, na mwanga ungalipo hata saa nne ya usiku. Lakini mwezi wa Desemba jua huchwa kabla ya saa kumi alasiri, na usiku wa baridi hauna mwisho. Msomaji na ayakumbuke hayo atakaposoma habari za askari waliolinda zamu juu ya kuta hizo wakati wa baridi.

Mahali kama hapa hapangeweza kuachwa bila ngome. Hata jina lenyewe lasema hivyo, maana neno "dun" katika lugha ya Kigaeli ni ngome. Kumbukumbu za miaka zilizoandikwa na watawa wa Ireland zataja ngome ya huku kuwa ilizingirwa mwaka wa 681 na tena mwaka wa 694. Mnamo mwaka wa 900 hivi Mfalme Donald wa Pili alikufa, na masimulizi ya kale yasema kwamba ni hapa alipouawa, wakati Waviking walipoiharibu ngome hiyo. Baadaye pakawa mahali patakatifu. Mwaka wa 1276 Askofu wa St Andrews aliliweka wakfu kanisa juu ya mwamba huu. Na mwaka wa 1297, kwa jinsi mshairi mmoja aliyeishi miaka kama 200 baadaye alivyosimulia, shujaa William Wallace aliiteka ngome, askari wa Kiingereza wakakimbilia kanisani, naye akaliteketeza kanisa pamoja nao. Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi ya vita katika siku zile, wala haifai kupambwa.

UKOO WA KEITH

Majengo makubwa ayaonayo mgeni yalianzwa mwishoni mwa karne ya 14 na Sir William Keith. Ukoo wake ulikuwa na cheo cha Marischal wa Uskoti. Hapo mwanzo Marischal alikuwa msimamizi wa farasi wa mfalme. Kisha kazi ikakua, akawa mlinzi wa vyombo vya enzi, yaani taji, fimbo ya kifalme na upanga. Sir William alijenga mnara mkubwa wa mawe wenye orofa kadha, lakini aliujenga juu ya ardhi iliyokwisha wekwa wakfu. Kwa kosa hilo alitengwa na kanisa. Akapeleka mashauri yake kwa Papa, akajitetea kwamba nchi ina hatari na ngome yahitajiwa. Na mwaka wa 1395 ikatoka hati ya kumrudisha kundini, mradi alilipe kanisa fidia.

Wajukuu zake walipata cheo cha Earl, yaani bwana mkubwa wa nchi, wakaendelea kujenga. Earl wa tano, George Keith, alikuwa mtu wa elimu. Mwaka wa 1593 alianzisha chuo kikuu katika mji wa Aberdeen, nacho kikaitwa Marischal College. Katika siku za ukoo huo ngome ilikuwa kama kijiji kamili. Palikuwa na kiwanda cha mhunzi, mazizi ya farasi, jiko kubwa, tanuri la mikate, nyumba ya kupikia bia, ghala, kanisa, vyumba vya wageni, na birika kubwa la maji katikati ya ua. Palikuwa pia na uwanja wa majani ambapo mabwana walicheza mchezo wa kuvingirisha mipira. Mtu aliyekuwa ndani, mwenye chakula cha kutosha, aliweza kuwacheka adui zake muda mrefu.

Lakini walio nje hawakuwa na ukuta. Mwaka wa 1645, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Marquess wa Montrose alikuja na jeshi lake akimtaka Earl wa saba ajiunge na upande wa mfalme. Earl alijifungia ngomeni pamoja na wachungaji kadha wa kanisa, akakataa. Montrose alipoona kwamba hawezi kuipanda ile miamba, aliugeukia mji wa Stonehaven na vijiji vya jirani akavitia moto, nyumba na ghala za nafaka, na mashua za wavuvi pia. Kutoka juu ya kuta zake Earl aliweza kuuona moshi wa mali za wapangaji wake. Wazee walisema kweli: wapiganapo tembo wawili ziumiazo nyasi.

TAJI, FIMBO NA UPANGA

Sasa tufikie habari iliyoipatia Dunnottar jina lake. Uskoti ilikuwa na vyombo vitatu vya enzi. Fimbo ilitolewa na Papa Alexander wa Sita mwaka wa 1494, upanga ulitolewa na Papa Julius wa Pili mwaka wa 1507, na taji la dhahabu lilitengenezwa upya kwa ajili ya Mfalme James wa Tano mwaka wa 1540. Vyombo hivyo kwa Waskoti havikuwa mapambo tu. Vilikuwa ushahidi wa kwamba nchi yao ina mfalme wake na sheria zake.

Mwaka wa 1649 Mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa mjini London, na Uingereza ikatawaliwa bila mfalme. Waskoti hawakukubali. Walimwita mwanawe, Charles wa Pili, na tarehe 1 Januari 1651 wakamvika taji hilo mahali paitwapo Scone. Lakini jeshi la Oliver Cromwell lilikuwa limekwisha ingia nchini, na ngome ya Edinburgh, mahali pa desturi pa kuhifadhi vyombo hivyo, ilikuwa mikononi mwake. Ilijulikana kwamba Cromwell akivipata vyombo vya enzi vya Uskoti ataviyeyusha, kwa maana vile vya Uingereza vilikuwa vimekwisha haribiwa. Basi Baraza la Uskoti likaamuru Earl Marischal avichukue na kuvificha Dunnottar.

Earl mwenyewe hakuwako kuvilinda. Alikamatwa mwezi wa Agosti 1651 akapelekwa kufungwa London. Ngome alikuwa amemwachia George Ogilvie wa Barras, mwenye shamba wa jirani, pamoja na askari 70 wasiotimia. Mwezi wa Septemba Waingereza wakaizingira. Miji mingine ilianguka, ngome nyingine zikafungua milango, hata ikawa Dunnottar ndiyo ya mwisho kushikilia bendera ya mfalme. Ogilvie aliandikiwa barua ajisalimishe, akakataa. Akaahidiwa heshima, akakataa. Majira ya baridi yakaingia. Wale watu wachache wakabaki juu ya mwamba wao, bahari ikinguruma chini, chakula kikipungua, wala hapakuwa na jeshi lolote lililokuwa njiani kuwasaidia.

MKE WA MCHUNGAJI

Hapo ndipo ilipoonekana kwamba ngome ni ngome mpaka mizinga mikubwa ifike, na siku hiyo ilikuwa yaja. Amana ilipaswa kutolewa nje. Lakini itatolewaje, na nje ya lango pamejaa askari wa adui?

Maili chache kusini ya ngome, katika pwani hiyo hiyo, lilikuwako kanisa dogo la kijiji cha Kinneff. Mchungaji wake alikuwa James Grainger, na mke wake aliitwa Christian Fletcher. Bibi huyo alikuwa akijuana na mke wa Ogilvie, Bibi Elizabeth Douglas, na inasimuliwa kwamba shauri lilikatwa na wanawake hao wawili. Juu ya namna walivyotenda kuna masimulizi mawili. Moja lasema kwamba Bibi Christian aliomba ruhusa ya jemadari wa Kiingereza kwenda kumjulia hali rafiki yake. Aliporudi, taji lilikuwa limefichwa ndani ya nguo zake, na mtumishi wake wa kike amejitwika fungu la kitani ambalo ndani yake mlikuwa na fimbo na upanga. Hata husemwa kwamba jemadari mwenyewe, kwa adabu, alimsaidia bibi huyo kupanda farasi wake. La pili lasema kwamba vyombo viliteremshwa kwa kamba upande wa baharini, na mwanamke mtumishi aliyejifanya anaokota mwani ufukoni akavitia katika kikapu chake akaenda zake. Kwa vyovyote, askari waliokuwa wakilinda kila njia hawakuona ila mwanamke na mzigo wake, kitu ambacho mtu huona kila siku wala hakikumbuki.

Vilipofika Kinneff, mchungaji alivificha kanisani usiku. Yeye alikuwa mtu mwangalifu. Tarehe 31 Machi 1652 aliandika hati akaipeleka kwa mke wa Earl, akaeleza kila kitu kilipo, ili kwamba yeye na mkewe wakifa siri isipotee pamoja nao. Alieleza kwamba aling'oa jiwe la sakafu lililo mbele ya mimbari, akachimba chini yake, akafukia humo taji na fimbo, kisha akalirudisha jiwe mahali pake. Na upanga akaufukia upande wa magharibi wa kanisa, kati ya viti vya watu wa kawaida. Kila Jumapili watu wa kijiji waliimba na kusali juu ya taji la nchi yao wala hawakujua. Yasemwa pia kwamba mara kwa mara mchungaji na mkewe walivifukua usiku, wakavianika mbele ya moto visiharibiwe na unyevu, wakavifukia tena kabla ya mapambazuko.

Mwanamke mwingine, Anne Lindsay, jamaa ya Bibi Elizabeth, alizitoa ngomeni karatasi za siri za mfalme. Alizishona ndani ya mshipi, akajifunga mshipi huo chini ya nguo zake, akapita kati ya askari kwa miguu.

Mwezi wa Mei 1652 mizinga mikubwa ilifika. Ngome ilipigwa kwa siku kadha, mnara ukaharibika, na tarehe 24 Mei Ogilvie akasalimu amri. Aliruhusiwa kutoka na watu wake kwa heshima. Waingereza wakaingia mbio kutafuta taji. Walipekua kila chumba, hawakupata kitu. Ogilvie na mkewe wakatiwa kifungoni na kutendewa kwa ukali. Mchungaji wa Kinneff na mkewe nao walishukiwa wakahojiwa. Wakati huo huo John Keith, ndugu mdogo wa Earl, aliyekuwa amekwenda Ufaransa, aliacha habari ienezwe kwamba yeye ndiye aliyevichukua vyombo ng'ambo, na uvumi huo ukawapoteza njia watafutaji. Bibi Elizabeth alifariki kabla ya vita hivyo kupata mwisho wake wa furaha. Husimuliwa kwamba hakumwambia hata mume wake mahali vilipo mpaka alipokuwa kitandani pa kufa, ili kwamba akiteswa asiwe na la kusema. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Kwa miaka minane vyombo vilikaa chini ya sakafu ya Kinneff. Mwaka wa 1660 Charles wa Pili alirudishwa kwenye kiti chake, navyo vikafukuliwa vizima.

MALIPO YA WALINZI

Pengine msomaji atataka kujua walivyolipwa. John Keith, ambaye sehemu yake kubwa ilikuwa uvumi ule wa Ufaransa, alipewa cheo kikubwa cha kifalme, na baadaye akafanywa Earl wa Kintore. Ogilvie, aliyestahimili mazingiwa ya miezi minane, alipewa cheo kidogo cha kurithiwa. Kwa Bibi Christian Fletcher, Baraza liliamuru mwaka wa 1661 apewe merk 2,000, fedha ya Uskoti ya wakati ule, kwa utumishi wake. Baada ya hapo ukazuka ugomvi wa miaka mingi kati ya ukoo wa Keith na ukoo wa Ogilvie juu ya nani hasa aliyeokoa taji. Barua na vitabu vikaandikwa na kila upande ukidai sifa. Yule mtumishi wa kike aliyejitwika kitani, au aliyeokota mwani, hakuna aliyemgombea, na hata jina lake halitajwi katika masimulizi yanayojulikana.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo mara nyingi. Mwenye cheo huandikwa kwa wino, na aliyebeba mzigo husahauliwa. Lakini kazi yenyewe haipungui kwa kuwa mtendaji wake hakuandikwa. Kama mwanamke yule angalitetemeka mbele ya askari, au angaliuza habari kwa vipande vichache vya fedha, hati zote za mabwana zisingaliokoa kitu.

MWAMBA WAWA GEREZA

Miaka 33 tu baada ya mazingiwa hayo, ngome ile ile iliyosifiwa kwa uaminifu ilitenda jambo la aibu. Watu wengi wa Uskoti walikuwa wameweka agano kwamba kanisa lao liongozwe na wazee waliochaguliwa, wala lisitawaliwe na mfalme kwa mkono wa maaskofu wake. Serikali iliwawinda. Mwezi wa Mei 1685 watu 167, wanaume 122 na wanawake 45, waliokataa kula kiapo alichokitaka mfalme, waliletwa Dunnottar wakasukumwa ndani ya chumba kimoja cha chini, kirefu, chenye dari ya mawe na madirisha madogo kabisa. Walikaa humo na katika chumba kingine kidogo mpaka mwisho wa Julai, katika tope na joto, bila mahali pa kulala na bila maji ya kutosha. Wengine walikufa humo. Wengine walijipenyeza dirishani wakateremka lile genge usiku. Wengi wao walikamatwa tena, na wako walioanguka wakafa. Wachache walishindwa wakala kiapo. Waliosalia walitiwa chomboni kupelekwa ng'ambo ya bahari, Marekani, na katika safari hiyo homa iliwaua wengi.

Mgeni huonyeshwa chumba hicho mpaka leo. Watu wengi wa Kenya wanaweza kukitazama kama sehemu ya habari zao wenyewe. Desturi hiyo ya kanisa kuongozwa na wazee ndiyo iliyoletwa na wamisionari wa Uskoti, kwanza Kibwezi mwaka wa 1891, kisha Kikuyu mwaka wa 1898, na kutoka hapo likakua Kanisa la Presbyterian la Afrika ya Mashariki. Hata jina la Thogoto latokana na watu hao wa Scotland. Mzee wa kanisa anayeketi barazani siku ya kikao anakalia kiti ambacho watu wa chumba kile walikifia.

Baadhi ya waliokufa walizikwa katika makaburi ya kanisa la Dunnottar, ng'ambo ya bonde, na jiwe likawekwa kuwakumbuka. Mwaka wa 1793 kijana mmoja mwanasheria, Walter Scott, alimkuta hapo mwashi mzee, Robert Paterson, akisafisha maandiko ya jiwe hilo. Mzee huyo alitumia maisha yake akizunguka nchi na patasi yake, akiyachonga upya majina ya wafu hao yasifutike. Scott alipata kuwa mwandishi mashuhuri, na kutokana na mzee huyo akaandika kitabu kilichotolewa mwaka wa 1816.

MAPAA YALIYOUZWA

Ngome iliyoshindwa kuangushwa na Montrose, na ambayo mizinga ya Cromwell iliijeruhi tu, iliangushwa na daftari la biashara. Mwaka wa 1715 Earl wa kumi, George Keith, aliingia katika maasi ya kumrudisha mfalme wa ukoo wa Stuart. Maasi yakashindwa, naye akakimbilia ng'ambo akapoteza nchi yake yote. Mali zake zilinunuliwa na kampuni ya London iliyoitwa York Buildings Company, ambayo kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwapelekea watu wa mjini maji. Kampuni hiyo haikuwa na haja na ngome. Risasi ya mapaa, mbao, sakafu, kila kilichoweza kung'olewa na kuuzwa kiling'olewa kikauzwa. Mvua ikamaliza kazi iliyobaki. Earl mwenyewe alikuwa rafiki mkubwa wa Mfalme Frederick wa Prussia. Alisamehewa mwaka wa 1759, lakini hakurudi kukaa Uskoti, akafa Potsdam mwaka wa 1778.

Kwa miaka 200 hivi magofu yaliachiwa shakwe. Mwaka wa 1925 Bibi Cowdray, ambaye mume wake alikuwa ameinunua nchi hiyo, alianzisha kazi ya kuyatengeneza yasizidi kubomoka, na tangu hapo wageni hupokewa. Huteremka kwa ngazi nyingi mpaka chini ya bonde karibu na maji, kisha hupanda tena mpaka kwenye lango lililojengwa katika ufa wa mwamba, ambako matundu ya bunduki yangali yakiwatazama usoni. Ndani huonyeshwa mnara wa Sir William, birika, uwanja wa majani na jumba la kifalme. Chumba kimoja cha jumba hilo kimetiwa paa jipya.

Na vyombo vya enzi? Baada ya Uskoti na Uingereza kuungana mwaka wa 1707, vilifungiwa katika sanduku ndani ya ngome ya Edinburgh, na watu wakaanza kusema vimepotea au vimeibwa. Mwaka wa 1818 yule yule Walter Scott alipewa ruhusa ya kuvunja kufuli. Sanduku likafunguliwa, vikaonekana vyote vitatu. Vimo humo Edinburgh mpaka sasa, na watu huvitazama. Mwezi wa Septemba 2022 taji hilo liliwekwa juu ya jeneza la Malkia Elizabeth wa Pili katika kanisa la St Giles, na mwezi wa Julai 2023 lililetwa mbele ya Mfalme Charles wa Tatu katika kanisa hilo hilo.

Walioliona siku hizo waliona dhahabu na vito. Anayejua habari za Dunnottar huona pia fungu la kitani, kikapu cha mwani, na sakafu ya kanisa dogo la kijiji. Kuta za futi nyingi zimebaki bila paa, na mabwana waliozijenga wamekwisha. Amana waliyoiweka mikononi mwa mke wa mchungaji ilifika salama. Aaminiwaye na atunze, awe amepewa taji la mfalme au ufunguo wa ghala ya jirani.